Kidato cha Chini

Lipo neno ambalo kila aliyesoma shule ya sekondari nchini Kenya amelitamka mara elfu bila kulitafakari. Neno lenyewe ni kidato. Kabla ya kuwa jina la darasa, kidato kilikuwa pengo lililochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyagia. Mtazamaji aliye mbali huyaona madafu kileleni. Mkwezi, kwa upande wake, hutafuta kwanza pengo lililo karibu na ardhi, maana lisipokuwapo hilo, yaliyo juu hayamfai kitu.

Nyamira haina minazi. Ina chai, ina migomba, na msimu wa mvua ndefu unapowadia, ina mvua ya mawe. Alasiri moja ya mwezi wa Machi, karibu na Kebirigo, mvua hiyo ilinyesha kwa muda usiozidi robo saa. Ilipokatika, mashamba yalikuwa meupe. Watoto walitoka mbio wakiwa na sufuria, wakaanza kuokota barafu na kurushiana. Mama mmoja alisimama ukingoni mwa shamba lake akiyatazama machipukizi ya chai yaliyoraruliwa, naye alijua fika kwamba majuma kadhaa yangepita kabla hajapata cha kupeleka kwenye kituo cha kukusanyia majani. Bintiye, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa amechaguliwa katika timu ya shule ya mpira wa magongo. Wazazi walikuwa wameombwa kuchangia nauli na chakula cha safari ya kwenda mashindanoni Kisii kabla ya Ijumaa.

Jioni mwalimu wa michezo alipita pale nyumbani.

"Mwalimu," mama akasema, "wewe umeliona shamba. Tena mashindano yenyewe ni haya madogo. Akifika yale ya Kenya nzima, nitauza hata mbuzi."

"Mama, hayo ya Kenya nzima yana mlango mmoja," mwalimu akajibu kwa upole, "na mlango wenyewe ndio huu."

Kisha akainama, akaokota donge la barafu chini ya paa, akamwonyesha msichana. Akamwambia kuwa wapo vijana wa rika lake wanaocheza magongo juu ya kitu kile kile, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, wakipiga kisahani kigumu badala ya mpira. Msichana alicheka, akidhani anataniwa.

Hakuwa akitaniwa. Shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni, lililoasisiwa jijini Paris mwaka wa 1908, limeyapanga kwa madaraja mashindano yake ya dunia ya chipukizi wasiozidi umri wa miaka 18. Kileleni wamo Kanada, Marekani, Uswidi na wenzao. Chini kabisa, katika daraja la tatu, hukutana vijana wa nchi ambamo uwanja wa barafu ni kitu adimu. Afrika Kusini, mwanachama tangu mwaka wa 1937, imewahi kucheza huko. Aghalabu mashindano hayo hayavuti kamera wala umati. Hata hivyo, yana kanuni moja ya haki: mshindi hupanda daraja mwaka unaofuata, naye anayeburura mkia huteremka. Hakuna anayeambiwa angoje hadi awe hodari ndipo acheze. Hukutanishwa na wa kimo chake, akajifunza uhodari humo humo.

Kenya yenyewe ilianzia chini zaidi. Uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka wa 2005 katika hoteli ya Panari jijini Nairobi, nao ni mdogo kuliko ule wa kimataifa. Wachezaji wa Ice Lions walizoea kujigawa wakachuana wao kwa wao, kwa kuwa hapakuwa na timu nyingine ya kupambana nayo. Ni mwaka wa 2018, walipopelekwa Kanada, ndipo walipopata wapinzani, na nyota wawili wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi ya Kenya na kucheza upande wao. Mwaka wa 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho kama mwanachama mshiriki.

Anayedhani kwamba hayo ni mambo ya barafu tu na atazame Kisii. Mnamo Julai 2017, Nairobi iliandaa mashindano ya dunia ya riadha ya chipukizi wasiozidi umri wa miaka 18. Marekani na Uingereza hazikuleta timu, na mwenye kupenda makubwa angeweza kuyabeza. Humo ndimo Mary Moraa, binti wa Kisii, alimopata nishani ya fedha katika mbio za mita 400. Miaka 6 baadaye, mjini Budapest, akawa bingwa wa dunia wa mita 800. Mashindano yale ya Nairobi yalikuwa ya mwisho ya aina yake, kwani wakuu wa riadha walikuwa wamekwisha kuamua kuyafuta. Kidato kimoja kikazibwa, na hakuna ajuaye ni mkwezi gani aliyekosa pa kukanyaga.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii aghalabu husomwa kama funzo la unyenyekevu kwa anayetafuta. Yamkini inawahusu pia wanaogawa fedha, shuleni na katika mashirikisho, ambao kila bajeti inapopungua huanza kukata kilicho chini kwa kuwa hakionekani.

Mama yule hakusema neno usiku huo. Asubuhi alikwenda kwa wenzake wa chama, akakopa.

Jumapili jioni msichana alirejea, magoti yamechubuka.

"Mlishinda?" mama akauliza.

"Tulifungwa mbili bila, Mama."

"Na mwaka ujao je?"

"Tutarudi."

Mama akaitikia kwa kichwa, akachukua kikapu chake, akaenda kutazama kama chai imeanza kuchipuka.