Bango Nililolitundika

Mimi ni mfamasia, na kosa ninaloungama nililitenda nikijua. Katika rafu ya mbele ya duka langu la dawa niliweka vidonge vya mitishamba vilivyotangazwa kwamba vinamaliza kisukari. Juu ya kaunta nikatundika bango la msambazaji, lenye shuhuda za watu waliodai wamepona. Kwenye kopo lenyewe, kwa herufi ndogo, iliandikwa kuwa hicho ni kirutubisho lishe, hakikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Niliyasoma maandishi hayo nikanyamaza, kwa kuwa faida ya kopo moja ilizidi kwa mbali faida ya metformin, dawa ya kisukari ya hospitali.

Mama mmoja, mteja wangu wa siku zote, aliniuliza: "Daktari, nikianza hizi, zile za hospitali niache?"

Nilimjibu: "Jaribu kwanza hizi, mama."

Nilijua kwamba hakuna kidonge kinachomaliza kisukari. Nilijua kwamba metformin hupunguza sukari inayotengenezwa na ini, na kwamba mgonjwa akiiacha, sukari hupanda kimyakimya huku ikiharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Mama yule alirudi na kidonda mguuni. Hospitali ililazimika kumkata kidole. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba aliviamini vidonge vile kwa sababu vilikuwa dukani kwangu.

Kauli hiyo ndiyo iliyonihukumu. Bango lile lingekuwa kwenye stendi ya mabasi, angelipita. Lilipata nguvu kwa kukaa kando ya dawa za kweli, mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe.

Sidharau mitishamba. Metformin yenyewe ina chimbuko katika mmea wa Galega officinalis, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Iliaminiwa kwa sababu ilipimwa. Vidonge nilivyouza havikuwa na kipimo chochote, vilikuwa na shuhuda tu.

Bango nimelishusha na vidonge nimeviondoa, lakini kidole cha yule mama hakirudi. Wafamasia wenzangu, msiuze kile ambacho msingempa mzazi wenu. Nawe mgonjwa, usiache dawa ya hospitali kwa neno la muuzaji, hata kama muuzaji huyo ni mfamasia. Muulize kwanza daktari anayekutibu.