Ng'ombe Hana Kesi

Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Mchombe, na watoto wangu wamesomeshwa na magunia ya shamba hili. Naandika ushuhuda wa jambo lililobadilika kati yetu wakulima na majirani zetu wafugaji, watu ambao kwa miaka mingi salamu yetu ilikuwa kununiana. Waliotupatanisha ni ng'ombe waliotoroka zizini.

Anayelijua Bonde la Kilombero anaelewa tunavyobanana. Juu yetu kuna milima ya Udzungwa, chini kuna mbuga na mto. Katikati ndimo zilimo nyumba, mashamba, barabara ya Ifakara kwenda Mlimba na reli ya TAZARA. Kiangazi ng'ombe hushuka mbugani kufuata majani mabichi, hatuonani sana. Masika mto ukifurika, maji huwapandisha hadi tuliko, na huo ndio wakati mpunga uko kijani shambani. Hapo hahitajiki mtu mbaya ili hasara itokee. Inatosha kijana wa kuchunga apitiwe na usingizi, au mti wa mlango wa zizi ulegee, au dume asikie harufu ya jike mwenye joto ng'ambo ya mfereji.

Hofu yetu haikuanza jana. Wasukuma, Wabarabaig na Wamasai waliingia bondeni kidogo kidogo kutafuta malisho, na wafugaji walipoondolewa Usangu mwaka 2006, baadhi yao waliishia huku. Bonde hili lilikuwa tayari limetambuliwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mwishoni mwa 2012 serikali ikaendesha operesheni ya kuondoa mifugo iliyozidi. Ng'ombe waliswagwa, watu walihama, wengine walibaki. Na sote mkoani Morogoro tunakumbuka Desemba 2000 kule Rudewa, wilaya ya Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulipoua watu zaidi ya 30. Kwa hiyo kengele ya ng'ombe ikisikika usiku shambani, mtu hafikirii mpunga peke yake. Anafikiria panga, anafikiria na watoto.

Vichekesho navyo havikukosekana. Ng'ombe aliyetoroka hana adabu ya mgeni. Kuna jike aliyepita uani kwa jirani yangu akaondoka na kanga iliyokuwa kwenye kamba, imemning'inia pembeni, akatembea nayo barabarani taratibu kama bibi harusi huku mwenye kanga akimkimbilia kwa nyuma. Kuna maksai aliyeingia uwanja wa mpira katikati ya mechi, akasimama golini, na mwamuzi akapuliza filimbi mpaka pumzi ikamwishia. Kwa ng'ombe filimbi ile haikuwa na maana yoyote. Alikuja mtoto mdogo wa mwenye mali, akapiga mluzi mmoja, maksai akageuka akamfuata.

Mluzi ule ulinifikirisha. Sisi ng'ombe wakiingia shambani tulikuwa tunapiga yowe, watu wanatoka kila nyumba, huyu anaswaga kwenda juu, yule anaswaga kwenda chini, na ng'ombe katikati wanazunguka majaruba yote. Asubuhi ukitazama matope unakuta nyayo za watu ni nyingi kuliko kwato. Mpunga uliong'olewa na miguu yetu tulikuwa tunaujumlisha kwenye deni la ng'ombe.

Mabadiliko yenyewe yalikuja wakati wa mavuno. Nilikuwa nimepura, mpunga uko kwenye turubai ukisubiri kupepetwa. Usiku ng'ombe wa mzee mmoja Msukuma, jirani yetu, walitoka zizini wakaufikia. Alfajiri tuliwakuta, na mmoja amelala chini, tumbo limejaa upande wa kushoto hadi limeuzidi uti wa mgongo, mate yanamtoka, anahema kwa shida. Ng'ombe akila punje nyingi kwa mkupuo, chakula huchacha tumboni na gesi hukosa pa kutokea. Anaweza kufa kabla jua halijapanda.

Watu walishajaa, wengine na mapanga. Mzee akaja na kijana wake. Hakubisha, hakuuliza nani shahidi. Alinitazama akasema, "Mama, una mafuta ya kula?"

Nilikuwa nayo, chupa ya kupikia. Nikampa. Kijana akamwinua ng'ombe kichwa, mzee akapitisha mdomo wa chupa pembeni ya meno, akawa anamimina kidogo kidogo, anasubiri ameze, anamimina tena, ili mafuta yasiende mapafuni. Mimi nilishika pembe. Wakamsimamisha, wakamtembeza kuzunguka turubai huku kijana akimkanda ubavu. Tukakaa kimya muda mrefu. Kisha ng'ombe akacheua kwa kishindo mpaka watoto wakaangua kicheko, na wakubwa wakafuata, na waliokuwa na mapanga wakayaweka chini ili wacheke vizuri.

Ndipo mzee akanisogelea. Nikamwambia, "Shikamoo baba." Akaitikia marahaba, akasema, "Mama, mpunga wako umeliwa, na ng'ombe wangu nusura afe. Sote tumeumia. Tuupime leo leo, kabla maneno hayajawa mengi." Tukapima uliobaki kwa debe, tukakubaliana uliopungua. Hakuwa na fedha taslimu. Msimu wa kulima ulipofika alileta maksai na plau, akanilimia hadi deni likaisha.

Tangu hapo, wakulima na wafugaji wa upande wetu tumejiwekea utaratibu, na nauandika hapa kwa sababu umefaa. Kila mwenye shamba ana namba ya simu ya mwenye zizi la jirani, na mwenye zizi ana yake. Ng'ombe wakionekana usiku, hatuwakimbizi. Tunapiga simu, mwenyewe anakuja na mluzi wake, wanatoka kwa njia waliyoingilia. Kukipambazuka tunalizunguka shamba sote pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, tunahesabu hatua, tunaandika, kila mmoja anasaini.

Bwana shamba alituongezea elimu ambayo imemaliza nusu ya ubishi. Mpunga mchanga ukiliwa majani, bado una nafasi ya kuchipua, kwa sababu kiini chake kiko chini karibu na udongo. Huo hatuulipishi siku hiyo. Tunautazama tena baada ya wiki mbili, na kinacholipwa ni ule uliong'olewa au kuzamishwa na kwato pamoja na ule ulioshindwa kuchipua. Mpunga uliokwisha kubeba mimba ukiliwa, suke limekwenda, huo unalipwa wote. Kabla hatujajua hayo, mkulima alidai ekari nzima na mfugaji aliona robo, na kila mmoja aliamini anadhulumiwa.

Jambo jingine ni malipo kumfikia aliyeumia. Faini ni haki ya sheria, lakini faini haijazi gunia la mtu. Fidia ilipwe mkononi mwa mwenye shamba, mbele ya mashahidi, iwe kwa fedha, kwa mpunga au kwa jembe la maksai.

Sisemi kwamba ujirani peke yake unatosha. Ng'ombe wakikosa pa kula na pa kupita, simu haitawazuia. Sheria ya malisho, Na. 13 ya mwaka 2010, inataka vijiji vitenge maeneo ya malisho, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetupa Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, wakiwamo wanawake 3. Njia ya mifugo ikigombaniwa, pa kwenda ni pale. Wanawake wenzangu, ndio tunaoshinda kwenye majaruba, basi tugombee nafasi hizo na tuhudhurie mikutano ya kijiji mipango ya ardhi inapopitishwa.

Nawe msomaji, mkulima au mfugaji, msimu huu kabla mpunga haujafika magotini, nenda kamsalimie jirani yako na uchukue namba yake ya simu. Ng'ombe hana kesi. Wenye kesi ni sisi, na wa kuimaliza ni sisi.