Imeandikwa Mstari Gani?

Naandika haya kwa ajili yako uliye mbali na nyumbani ukiwa na msiba, au una hofu ambayo hujapata wa kumweleza. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Iringa. Mwaka 2020 Mungu alinipitisha Wuhan, na alichotumia kunivusha sikukitegemea hata kidogo: karatasi za mazoezi ya ufahamu wa Kiingereza za mtoto wa watu.

Nilikwenda China, katika mji wa Wuhan, kwa ufadhili wa serikali yao, kusomea uzamivu katika mambo ya maji na mabwawa. Posho ilikuwa yuan 3,500 kwa mwezi. Nilikula humo, nikatuma nyumbani humo humo, na mke wangu akajua kukibana kilichofika. Januari wenzetu wa Kichina walirudi makwao kwa ajili ya mwaka mpya wao, bweni likabaki na sisi wageni. Tarehe 23, saa nne asubuhi, mji ukafungwa kwa sababu ya korona. Treni, ndege, mabasi, hata vivuko vya Mto Yangtze, vyote vikasimama katika mji wa watu wapatao milioni 11, nasi tumo ndani.

Mwanzoni tulichukulia kama likizo. Kisha geti la bweni nalo likafungwa. Chakula kikawa kinaachwa mlangoni. Asubuhi na jioni ulipima joto la mwili na kuandika namba kwenye kundi la WeChat. Ukishikwa na kikohozi ulizika uso kwenye mto ili jirani asisikie. Wamoroko waliokuwa kwenye ghorofa yetu walifuatwa na ndege ya kwao. Wengi wetu kutoka Afrika tulibaki.

Ni katika siku hizo msimamizi wangu wa utafiti aliponitumia ujumbe. Binti yake alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, shule zimefungwa, anasomea kwenye kompyuta sebuleni, na ufahamu wa Kiingereza unamwangusha. Je, ningeweza kusoma naye jioni? Malipo hayakutajwa, wala sikuyauliza. Nilikuwa na visa ya mwanafunzi, na msimamizi wako akikuomba jambo, unalifanya.

Mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, gaokao, wenye watoto wa kidato cha sita wanaweza kuuelewa, ila uzidishe. Mwaka ule waliojiandikisha walikuwa milioni 10.71. Kiingereza kina alama 150 kwa saa mbili. Unatakiwa uwe na maneno kama 3,500 kichwani, na watoto wanayakariri kweli, kwa orodha, hadi usiku wa manane. Vifungu vya ufahamu ni vinne, A mpaka D. Cha kwanza mara nyingi ni tangazo la maonyesho au safari, rahisi tu. Cha mwisho ni mambo ya sayansi, na hapo ndipo wengi wanapozama.

Binti yule alijua maneno mengi kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Shida yake ilikuwa sentensi ndefu. Kichina huweka maelezo yote mbele, halafu ndiyo anatajwa mwenye maelezo hayo. Kiingereza, kama Kiswahili chetu, kinaanza na mzee, kisha kinakwambia ni yule aliyenunua samaki sokoni jana. Kwa hiyo alikuwa akikimbilia mwisho wa sentensi kumtafuta mzee, hamkuti, anarudi nyuma, dakika zinakwenda. Nikamwambia achukue penseli. Maelezo ayafungie kwenye mabano, kitenzi kikuu akizungushie duara. Nani kafanya nini? Hicho kwanza. Halafu majibu manne: watunga mtihani ni wajanja, jibu la uongo mara nyingi hulijaza maneno yaliyonyofolewa kwenye kifungu chenyewe, na la kweli wakalisema kwa maneno mengine kabisa. Nikamwekea sharti. Kila anapochagua jibu, anionyeshe mstari. Imeandikwa wapi? Kama hakuna mstari, hakuna jibu.

Aliniita laoshi, yaani mwalimu. Mimi, mtu wa mabwawa.

Halafu ikaja ile simu.

Ilikuwa mwishoni mwa Februari, saa tano usiku kwa saa za Wuhan, kwetu saa kumi na mbili jioni. Kaka yangu hakuwa na WeChat. Salamu zake zote zilipitia kwa mke wangu. Kuona namba yake yenyewe, simu ya kulipia, ya ng'ambo, mwili ulikufa ganzi kabla sijapokea.

Akasema, "Mdogo wangu, uko na nani hapo?"

Nikasema niko peke yangu.

Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia kilio. Nikaijua sauti ya mama.

Baba alikuwa na presha ya miaka. Alianguka shambani. Hawakufika naye hospitali.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Nilitaka kutoka nje. Mlango wa bweni umefungwa. Geti limefungwa. Mji umefungwa. Nikaenda dirishani. Barabarani hapakuwa na mtu. Nikarudi. Nikalia kwa sauti, na hakuna aliyebisha hodi. Siwalaumu. Kila mtu aliogopa pumzi ya mwenzake.

Mazishi niliyaona kwenye simu. Mke wangu ndiye aliyeishika. Mtandao wa kijijini unakuja na kukatika. Niliona wazee wa kanisa. Niliona miguu ya watu. Niliona jeneza linaanza kushuka. Picha ikaganda. Ikaganda kwenye koleo la mtu, na udongo umo. Iliporudi, walikuwa wanaweka maua. Udongo wangu alinitupia kaka.

Baada ya hapo sikula vizuri. Vyombo vya chakula viliachwa mlangoni, na mara nyingine vilichukuliwa vikiwa vimejaa. Nilipima joto, nikaandika namba, nikalala. Usiku mawazo yalikuja kwa zamu. Mama atafuata. Mtoto wangu atakua hanijui. Nitafia hapa na hawatajua nimewekwa wapi. Ikafika mahali nikaanza kuutamani ule ugonjwa. Sentensi hiyo naiandika kwa shida, lakini naiacha, kwa sababu huenda na wewe umefika hapo, na ninataka ujue kwamba yupo mtu aliyefika akarudi.

Aliyenirudisha ni mama. Yeye ndiye mjane, lakini ndiye aliyenipigia, kila siku baada ya ibada ya wafiwa, kwa simu ya mke wangu. Kina mama wa jumuiya walikuwa bado wamejaa nyumbani, nawasikia wakiomba, na jina langu linatajwa. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, yule mtoto wa mwalimu wako, bado unamfundisha?"

"Nimeacha, mama."

"Mrudie. Baba yako aliuza ng'ombe usome. Usikae na hicho ulichosoma kitandani."

Nikaandika ujumbe jioni ile ile. Binti akajibu haraka, kama mtu aliyekuwa ameshika simu akingoja. Tulipowasha kamera nikaona amekonda. Akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba bibi yake mzaa mama alichukuliwa na gari la wagonjwa na hawakumwona tena. Baba yake hakuwa ameniambia. Mimi nikamwambia juu ya baba yangu. Tukakaa kidogo. Kisha akauliza kama tuanze na kifungu B.

Na hapo nikaona jambo. Sentensi sasa anazipasua vizuri, mabano yako mahali pake. Lakini kila swali linalouliza mwandishi anajisikiaje, anachagua huzuni. Kifungu kinamhusu mwanamke aliyefungua duka la mikate baada ya kustaafu, yeye anasema mwandishi ana huzuni. Nilimwelewa sana, kwa sababu mimi mwenyewe nilipokisoma mara ya kwanza nilikuwa nimeiona huzuni hiyo hiyo. Nikamuuliza, "Imeandikwa mstari gani?" Akapita na penseli juu mpaka chini. Akarudia. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akafuta.

Usiku ule mawazo yalipokuja kwa zamu yao, nikayauliza swali lile lile. Mama atafuata: imeandikwa wapi? Leo kaongea kwa nguvu, kala ugali. Mtoto hatanijua: jana kaniita baba mbele ya kamera. Kifo cha baba kilikuwa kimeandikwa, na hapo sikuwa na la kubishana. Nilikilia kama kilivyo. Mengine mengi yalikuwa ya kuongeza mimi. Nikaomba, nikalala. Si kila usiku, lakini nililala.

Tarehe 4 Aprili, saa nne asubuhi, China nzima ilisimama dakika tatu kuwakumbuka waliokufa. Ving'ora vikalia, magari yakapiga honi, meli mtoni nazo. Ilikuwa siku yao ya kusafisha makaburi. Nilisimama dirishani nimevaa shati jeupe na koti, kama ningekuwa kijijini. Hawakumjua baba yangu, lakini nilimhesabu humo.

Siku nne baadaye mji ukafunguliwa. Mtihani ulikuwa umesogezwa mbele mwezi mzima, na Mei wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakarudi shuleni wakiwa na barakoa. Kiingereza kilifanyika tarehe 8 Julai, saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Saa hizo mbili sikufanya kazi yoyote. Mama naye alikuwa ameniambia nimtajie muda kwa saa za kwetu, ili apige magoti. Usiku binti akaniandikia kwamba kifungu D amekimaliza na akabaki na muda wa kuhakiki.

Nyumbani nilifika baada ya kumaliza masomo. Kaburi la baba walikuwa hawajalijengea, walinisubiri. Tuliweka saruji mimi na kaka, mchungaji akaomba, watu wakala. Siwezi kukwambia hofu imekwisha. Hadi leo namba ya kaka ikitokea usiku, nawasha taa kwanza ndipo nipokee.

Jioni ya siku ile mama aliniuliza yule mtoto alipata chuo au hakupata. Nikamwambia alipata, anasomea ualimu.

"Mpigie," akasema. "Mwambie mama yako anataka kumwona uso."