Sanamu Kubwa, Sanamu Ndogo

Neno hija likitajwa, wengi wetu huwaza safari ya mbali, yenye gharama na mashaka mengi. Hija ninayotaka kuwasimulia leo ilikuwa ya siku mbili tu, tena katika mahekalu ya dini isiyo yangu. Mimi ni Mkristo, wala sikwenda huko kuabudu. Mwaka 2018 nilibahatika kuhudhuria mafunzo ya ushonaji mjini Tokyo, nchini Japani. Siku za mapumziko zilipowadia, mwenyeji wangu, bibi mjane mwenye umri wa miaka sabini, alinialika nifuatane naye katika mahekalu matatu ya Kibuddha ambayo huyazuru kila mwaka. Nilikubali, kwani mgeni hufuata desturi za mwenyeji wake.

Siku ya kwanza tulikwenda Kamakura, mji wa pwani ulio mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Hadi mwaka 1333 mji huo ulikuwa makao ya watawala wa kijeshi wa Japani. Hapo, katika hekalu la Kotoku-in, imo sanamu ya shaba iitwayo Buddha Mkuu, ambayo kazi ya kuisubu ilianza mwaka 1252. Kimo chake ni mita 11.3, na uzito wake ni tani 121 hivi. Huyo ni Amida, Buddha ambaye waumini wake husadiki kwamba huwapokea wafu katika nchi yake ya raha, upande wa magharibi. Ameketi, mikono juu ya mapaja, macho yamefumbwa nusu, kama mzazi anayesikiliza maneno ya mtoto pasipo kumkatiza.

Zamani sanamu hiyo ilikuwa ndani ya jengo kubwa la mbao. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 15 mawimbi makubwa ya bahari yalilisomba jengo hilo. Tangu hapo Buddha Mkuu ameketi nje, juani na mvuani. Ukutani karibu naye yametundikwa makubazi ya majani ya mpunga, marefu kuliko mtu mzima. Watoto wa mkoa wa Ibaraki waliyafuma kwa mara ya kwanza mwaka 1951, baada ya vita, wakitumaini kwamba Buddha atasimama, ayavae, kisha atembee nchi nzima akiwafariji watu. Nilipoelezwa hayo niliguswa sana. Watoto hawakuomba sanamu iwape kitu, waliipa viatu.

Kutoka hapo tulitembea kwa miguu, dakika chache tu, hadi hekalu la Hasedera lililo mlimani, linaloitazama bahari. Ndani yake imo sanamu ya Kannon, mwenye huruma, iliyochongwa kwa mbao na kupakwa dhahabu, yenye kimo cha zaidi ya mita 9 na nyuso kumi na moja. Masimulizi ya hekalu yasema kwamba mwaka 721 mtawa Tokudo aliagiza sanamu mbili zichongwe kutoka mti mmoja wa mkafuri. Moja ilibaki karibu na Nara, na ya pili ikatiwa baharini ikawafae watu popote itakapofika, nayo ikatokea pwani hiyo miaka kumi na mitano baadaye. Mkononi Kannon huyo ameshika fimbo ya msafiri, ishara kwamba huteremka na kutembea miongoni mwa wenye taabu.

Basi tukawa tunashuka ngazi, nami nikidhani nimekwisha kuona makuu yote ya mahali pale, nilipokuta maelfu ya sanamu ndogo za mawe, zimepangwa safu kwa safu, kila moja si kubwa kuliko mtoto mchanga. Nikamwuliza mwenyeji wangu, “Bibi, hawa ni nani?” Akajibu, “Huyu ni Jizo, mlinzi wa wasafiri na watoto. Hawa wamewekwa kwa ajili ya watoto waliokufa, na wale ambao hawakuwahi kuzaliwa.” Wajapani huwaita watoto hao “watoto wa maji”. Yasimuliwa kwamba watoto hao hurundika mawe ukingoni mwa mto wa ahera, na Jizo huja akawaficha ndani ya mikono mipana ya joho lake.

Wasomaji, hapo miguu yangu iliishiwa nguvu. Mimi nimezaa watoto wanne, na walio hai ni watatu. Wa pili aliishi siku tisa. Wakati ule wazee waliniambia, kwa nia njema kabisa, “Nyamaza, utapata mwingine.” Kweli nilipata mwingine, na mwingine tena. Lakini kila nilipoulizwa idadi ya wanangu, ulimi ulisema watatu na moyo ukasema wanne.

Siku ya pili tulizuru hekalu la Zojoji, lililomo Tokyo penyewe, chini ya mnara mrefu wa mji. Hapo Jizo wadogo wamevishwa kofia nyekundu za sufi na vitambaa vyekundu vya kifuani, kama vile tunavyowafunga watoto wanaotokwa na udenda. Pembeni mwa kila mmoja kuna kititia kinachozungushwa na upepo. Mwenyeji wangu alipiga magoti mbele ya mmoja wao, akamvua kofia iliyochujuka kwa jua, akamvisha mpya aliyoifuma mwenyewe. Kisha akaniambia, “Alikufa mwaka 1976. Sasa angekuwa na miaka arobaini na miwili.” Nami, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu asiye wa ukoo wangu, nikalitamka jina la mwanangu.

Si kwamba yote ni mema huko. Wapo Wajapani wenyewe wanaoyalaumu baadhi ya mahekalu kwa kuigeuza huzuni ya akina mama kuwa biashara. Wala siwashauri wasomaji wachonge sanamu. Kila mtu na imani yake. Nilichojifunza ni kwamba sanamu kubwa huwavuta wageni kutoka pande zote za dunia, lakini mbele ya ile ndogo mama hupata mahali pa kuweka uchungu wake, na siku ya kurudi kuutazama.

Niliporejea nyumbani niliwaketisha wanangu, nikawaambia habari za ndugu yao. Hawakuogopa. Waliuliza jina lake, siku aliyozaliwa, na kama alikuwa na nywele. Siku hizi tunamtaja katika sala ya jioni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jirani yako akifiwa na mtoto mchanga, mpelekee uji, umfulie nguo, umchotee maji. Usimwambie kwamba atapata mwingine. Mwulize mtoto aliitwa nani, kisha ukae kimya umsikilize.