Kushuka hadi Kitongojini

Basi likishapita Tunduma huiacha njia ya Zambia na kushika ya Laela, na uwanda wa Ufipa unatandaa pande zote: ng'ombe, mabua ya mahindi, na yale matuta ya duara ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Niliambiwa nibebe sweta. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai huko haina utani.

Nilikwenda kusaidia hesabu za mahindi za chama kimoja cha ushirika. Karani, mama wa makamo, aliitikia shikamoo yangu, akanimiminia chai, akafungua kanzidata. Jedwali ni moja. Kila mstari una namba ya eneo, jina, magunia, na namba ya eneo lililo juu yake: kitongoji chini ya kijiji, kijiji chini ya kata, hivyo hivyo hadi mkoa.

"Mwanangu, nataka jumla ya wilaya ya Kalambo yote."

SUM peke yake haifiki, maana magunia yameandikwa vitongojini, na huko jina la Kalambo halipo. Ukiliunganisha jedwali na lenyewe ngazi kwa ngazi utakwama manispaa, ambako chini ya kata kuna mitaa na ngazi zinapungua. Dawa ni WITH RECURSIVE, iliyoingia katika kiwango cha SQL mwaka 1999, ingawa MySQL iliipata toleo la 8.0, mwaka 2018. Hoji huanza na Kalambo, ikachukua maeneo yaliyo chini yake, kisha yaliyo chini ya hayo, mpaka mzunguko urudi mikono mitupu.

PostgreSQL hukataa SUM ndani ya sehemu inayojirudia. Sioni ubaya: utajumlishaje na wengine bado wako njiani? Kwa wilaya zote tatu za mkoa, Kalambo, Nkasi na Sumbawanga, tulianza na mistari mitatu, kila mstari ukashuka na jina la wilaya yake, kisha GROUP BY ikafuata nje.

Wastani ndio uliomkunja uso. Nikamweleza kuwa AVG huruka palipoachwa wazi, lakini sifuri huihesabu.

"Sifuri za bondeni nimejaza mimi," akasema, akivuta kibodi. "Hao hawajaleta tu, barabara mbaya." Akaanza kuzifuta.