Kuaga na Kuagana

Katika miaka yetu ya kufundisha Kiswahili nchini Uganda tumewaandikia watu wengine barua nyingi: wazazi wasiojua kusoma, wanafunzi wanaoomba kungojewa karo, hata kijana mmoja aliyetaka kuposa na kuona haya kusema. Barua iliyotushinda ilikuwa yetu wenyewe. Ilikuwa mwezi wa Agosti 2022, shule zimefungwa kwa likizo ya muhula wa pili, nasi tumeketi mbele ya karatasi tupu tukitafuta namna ya kumwarifu Mwalimu Mkuu kwamba baada ya miaka tisa tunaondoka.

Sababu ya kuondoka haikuwa na fumbo. Julai mwaka huo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya, likapendekeza pia somo hili liwe la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Muda si mrefu kituo kimoja cha Kampala kinachofundisha watu wazima lugha kilituita. Mshahara ulikuwa karibu mara mbili ya tuliokuwa tukipata, tena wa kulipwa kila mwezi, jambo ambalo mwalimu wa shule ya binafsi halidharau. Hatukuhitaji kushawishiwa.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa neno. Tuseme tunaacha kazi? Kitenzi hicho kina ukali wake: mtu huacha ulevi, mume humwacha mke, na msikilizaji huuliza papo hapo kosa lilikuwa la nani. Tuseme tunajiuzulu? Kumuuzulu mtu ni kumwondoa katika cheo, naye ajiuzuluye amejiondoa mwenyewe. Lakini ana cheo gani mwalimu wa watahiniwa 11 chini ya paa la bati, hata ajiondoe kwa kishindo hicho? Kung'atuka nako tulikuogopa. Neno hilo la asili ya Kizanaki lilienea pale Mwalimu Nyerere alipoachia urais wa Tanzania mwaka 1985, na tangu hapo lina heshima yake. Tungelitumia sisi tungekuwa kama mtoto aliyevaa kanzu ya babu yake. Likabaki lile la kuomba ruhusa ya kuondoka. Ni la adabu, na karibu tulichague, ila lina hila ndani yake. Aombaye anaweza kunyimwa, nasi tulikwisha kukata shauri. Kujifanya tunaomba ilhali tunaarifu kungekuwa ni kumdanganya mzee kwa kumpigia magoti.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haina shida hiyo ya maneno. Yenyewe haidai ombi, yadai taarifa: mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi mwaka mmoja lakini haijatimia mitano, miezi miwili kwa aliyetimiza mitano lakini si kumi, na mitatu kwa aliyefikisha kumi au kuzidi. Miaka yetu tisa ilidai miezi miwili. Kituo cha Kampala kilitutaka mwanzoni mwa Septemba. Mtihani wa kidato cha nne ni Oktoba na Novemba, na wale watahiniwa 11 hawakuwa na mwalimu mwingine wa Kiswahili shuleni, wala katika shule ya jirani. Tukaandika Kampala kuomba tungojewe mpaka Desemba. Jibu lilichukua siku tano, na katika siku hizo hatukupata usingizi wa maana, kwa maana waalimu wa Kiswahili wenye njaa hawakuwa sisi peke yetu. Walikubali.

Basi tukaandika. Barua ya kwanza ilijaa kurasa tatu. Msomaji atakumbuka kwamba shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2022. Katika muda huo sisi wa shule za binafsi tulifyatua matofali, tukauza maparachichi kando ya barabara, na nusu mshahara tuliyoahidiwa tuliipata kwa miezi michache, kisha ikakoma. Tulikuwa tukidai miezi saba. Yote hayo tuliyamimina katika barua, kwa Kiswahili kizuri sana, twakiri, chenye tashbiha na methali nne.

Mama watoto aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Baba watoto, hapa unaaga au unashtaki?"

Tulijibu kwa hasira kwamba tunafanya yote mawili. Akaturudishia karatasi na kwenda kuangalia jungu lake. Asubuhi yake tuliona alikuwa na haki, ingawa si kwa sababu tuliyoifikiri usiku, kwamba ni vibaya kudai. Kudai deni si utovu wa adabu, na mwalimu anayenyamazia jasho lake ili aitwe mstaarabu anajidhulumu, na kuwadhulumu watakaokuja nyuma yake. Lakini deni lina mlango wake. Tulilitoa katika barua ya kuaga tukaliandikia barua ya pili, kwa mhasibu, yenye miezi na tarakimu tu, bila methali hata moja. Ya kuaga ikabaki aya tatu: kwamba twaondoka mwisho wa muhula wa tatu, kwamba watahiniwa hatutawaacha njiani, na shukrani. Shukrani hizo zilikuwa za kweli. Mwaka 2015 mtoto wetu alipolazwa hospitalini, Mwalimu Mkuu alitufundishia vipindi vyetu wiki mbili, yeye asiyefundisha Kiswahili. Aliwasomesha watoto kwa sauti kitabuni na kuwaacha wasahihishane matamshi.

Hapo ndipo tulipokosea. Siku ya kufungua shule, kabla ya kupeleka barua, tulimnong'oneza mwenzetu mmoja katika ofisi ya waalimu. Tulimwamini, na hata leo twamwamini. Lakini habari ina miguu. Kufikia saa nane mchana wapishi wanaijua, na tulipobisha hodi ofisini kesho yake, bahasha mkononi, Mwalimu Mkuu hakunyoosha mkono kuipokea. Alisema kwa Kiingereza, lugha aliyoitumia ofisini siku zote, kwamba amekwisha kuisoma jikoni.

Tuliomba radhi. Twafundisha watoto kila mwaka kwamba mgeni hupiga hodi kabla ya kuingia, na aagaye humwaga kwanza mwenye nyumba, nasi tulikuwa tumewaaga kwanza majirani. Alinyamaza kitambo, akitazama uwanja wa mpira. Kisha akasema jambo ambalo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake kwa miaka tisa, yaani sentensi ya Kiswahili:

"Mwalimu, wewe nakwenda. Kiswahili je, nabaki na nani?"

Yapasa tueleze. Mwalimu Mkuu alikulia karibu na kambi ya jeshi katika miaka ya 1970. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa kwa amri ya Idi Amin mwaka 1973, na watu wengi wa rika lake walikijua kwa sauti ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Alikuwa ametupatia vipindi, chaki na kabati, lakini yeye mwenyewe alikitunza kimya, kama mtu atunzavyo kovu. Kazi yetu ni kusahihisha upatanisho wa kisarufi. Siku ile hatukusahihisha kitu. Swali lilikuwa sahihi, nasi hatukuwa na jibu, maana katika shule nyingi za nchi hii mwalimu wa Kiswahili akiondoka somo huondoka naye, na ratiba hujazwa na kingine.

Miezi ile miwili na zaidi tuliitumia kumtafuta wa kubaki nacho. Tulimpata Busia, binti aliyesomea upande wa Kenya, mwenye Kiswahili fasaha kuliko chetu katika mazungumzo, ila hajui bado kusimama mbele ya watoto 60. Alikuja kila Jumatano kwa nauli yetu. Tulimkabidhi maazimio ya kazi, karatasi za mitihani ya nyuma, kamusi 14 ambazo sita hazina jalada, na madaftari yetu tisa ya maandalio. Madaftari hayo yalituuma. Kwa wiki nzima tulijiambia kwamba ni mali yetu, tuliyoyaandika kwa mafuta ya taa yetu. Mwisho tukampa saba, na mawili tukayaficha. Hatujui mpaka sasa kwa nini yale mawili.

Wakati huo tulimkumbuka mwenzetu wa hisabati aliyetoweka mwaka 2016 katikati ya muhula. Alipata kazi ng'ambo ya mji, akaondoka usiku na begi lake, na ufunguo wa kabati la vitabu mfukoni. Kabati ilibidi livunjwe kwa jembe. Baadaye alipotaka hati ya utumishi, ambayo sheria yampa kila aondokaye na kuiomba, aliona haya kuja mwenyewe akamtuma mdogo wake. Tulimcheka sana wakati ule, na hadithi ya jembe tuliisimulia kila alipokuja mwalimu mpya.

Wanafunzi wetu walituaga siku ya mtihani wa mwisho. Katika somo letu la mwisho la vitenzi tuliwapa kuaga na kuagana, tukawauliza tofauti. Mmoja alisema kuaga ni kazi ya mtu mmoja, kuagana yataka wawili. Tulimpa alama zote, tukageukia ubao kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa.

Mwalimu Mkuu alitia sahihi hati yetu Desemba, akatusindikiza mpaka barabarani kwa miguu. Mhasibu alilipa miezi mitatu kati ya saba mwezi wa Machi uliofuata. Minne tungali twaidai, na barua tunaikumbushia kila mwanzo wa muhula.

Kampala tulifika usiku. Kesho yake tulipokuwa tukipanga nguo, simu ikalia. Ni yule binti wa Busia, ametaka kuhesabu kamusi. Kwa heshima nyingi, kama mdogo amwulizavyo mkubwa, alitaka kujua kama mwalimu anakumbuka alipoweka ufunguo wa kabati. Ulikuwa katika mfuko wa suruali yetu ya kijivu. Tuliufunga ndani ya bahasha, tukaenda kituoni kabla ya jua kuchomoza, tukampa dereva wa basi la kwanza linalokwenda mpakani, pamoja na yale madaftari mawili.