Aldabra, Alikotoka Kobe wa Bamburi

Likizo iliyopita nilivuka daraja la Nyali pamoja na wajukuu, tukaenda bustani ya Haller, Bamburi, kuwatazama kobe wakubwa. Mmoja wao, aitwaye Mzee, alipata sifa ulimwenguni alipofanya urafiki na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Disemba 2004. Mjukuu wangu wa kike akauliza, "Babu, kobe hawa kwao ni wapi?"

Kwao ni Aldabra. Kwa milki ni sehemu ya Shelisheli, lakini kutoka Mahé ni zaidi ya kilomita 1,100, ilhali bara letu la Afrika liko yapata kilomita 640 tu. Jina lenyewe, wengi hulinasibisha na Kiarabu, al-khadhraa, yaani ya kijani.

Si kisiwa kimoja, bali ni pete ya visiwa vinne vikubwa, Grande Terre, Malabar, Picard na Polymnie, vilivyozunguka ziwa la maji ya chumvi lenye mikoko. Bahari huingia na kutoka kwa milango michache myembamba, na wakati wa bamvua mkondo wake ni mkali mno. Jiwe lake ni la matumbawe, jamaa ya jiwe la kuta zetu za Mji wa Kale na la Ngome. Ila huko limeliwa na maji hata likawa na meno kama msumeno. Mto hakuna. (Nakiri kwamba sijakanyaga huko, safari hiyo si ya mfuko wa mwalimu wa chuo.)

Ukavu huo ndio uliowakinga kobe, maana binadamu hakuweza kukaa kwa wingi. Hata hivyo mabaharia waliwachukua hai merikebuni kuwa kitoweo, kwa kuwa kobe huvumilia miezi bila chakula. Mwaka 1874 wataalamu wa Uingereza, Charles Darwin akiwemo, walimwandikia gavana wa Mauritius kumwomba awahifadhi. Leo wako zaidi ya 100,000.

Hatari kubwa zaidi ilikuja baadaye. Mwaka 1965 Uingereza iliitenga Aldabra pamoja na visiwa vya Chagos, ikikusudia kujenga vituo vya kijeshi. Wanasayansi wakapiga kelele kwa ajili ya ndege na kobe, hazina ya Uingereza nayo ikapungukiwa, na mwaka 1967 mpango wa Aldabra ukaachwa. Shelisheli ilirudishiwa kisiwa ilipopata uhuru mwaka 1976, na mwaka 1982 UNESCO ikakitia katika Urithi wa Dunia.

Kambi ikajengwa Diego Garcia, katika Chagos. Huko hapakuwa na kobe wa kutetewa. Palikuwa na watu, wengi wao wajukuu wa watumwa waliotolewa Afrika na Madagaska, wakilima minazi. Kati ya 1968 na 1973 wapatao 1,500 waliondoshwa Chagos, na mbwa wao wakauawa. Kelele kama zile za Aldabra hazikusikika.

Hayo nilimsimulia mjukuu tukiwa kwenye matatu ya kurudi mjini. Akauliza kama watu wale walirudi kwao. Nikamwambia wengi walifia Mauritius na Shelisheli, wakingoja.